Kondoo wa Mzee

Wenzangu hosteli wakisikia kwetu Mpanda tunafuga, wanauliza ng'ombe wangapi. Nikisema kondoo, wanacheka: Msukuma gani huyo?

Ng'ombe wapo, wachache. Roho ya mzee iko kwa Blackhead Persian: mwili mweupe, kichwa cheusi hadi shingoni, kitako kimejaa mafuta. Asili yao Somalia, kwa hiyo jua la Katavi haliwatishi.

Kazi ni kulinda mbegu. Kondoo wa majirani wanachunga malisho hayohayo, na dume hajui mipaka. Mzee huchagua dume mmoja, wengine wanahasiwa wakiwa wadogo. Jike akiwa kwenye joto anabaki zizini, tunamkatia majani. Mimba ni miezi 5. Akizaliwa mwana mwenye madoa mgongoni, mzee ananyamaza siku nzima.

Tatizo liko mnadani. Mchinjaji anabonyeza mgongo, anakadiria kilo, basi. Mbegu safi hailipwi hata shilingi. Kaka anataka tuchanganye na Dorper wakue haraka, na hesabu zake siwezi kuzipinga. Ila Dorper mwenyewe alipatikana Afrika Kusini miaka ya 1930, Blackhead Persian alipochanganywa na Dorset Horn. Bila watu wabishi kama mzee, wangechanganya nini?

Muhula uliopita bumu lilichelewa, akauzwa jike wa mbegu. Mzee hakuniambia; kaka ndiye alipiga simu.

Likizo hii nataka tuanze daftari: nani kazaliwa na nani. Mzee anasema yote anayo kichwani. Ana miaka 71.