Steringi Wawili Katika Mkanda Mmoja

Katika mabanda ya video ya Afrika Mashariki ya miaka ya 1980 na 1990, yaani vyumba vyenye televisheni, deki na mabenchi ambamo watu walilipa kiingilio kidogo ili watazame kaseti, macho yote yalimwelekea steringi, ambaye ni mhusika mkuu asiyetarajiwa kufa hadi mkanda uishe. Bruce Lee alikuwa steringi wa namna hiyo, na Rambo baada yake: alisema machache, akapigana peke yake.

Mazoea hayo yalivurugwa na filamu zilizowafunga pamoja steringi wawili wasiopikika chungu kimoja. Katika 48 Hrs. ya mwaka 1982, iliyoongozwa na Walter Hill, polisi mkorofi wa San Francisco (Nick Nolte) anamtoa gerezani kwa saa 48 mfungwa mjanja (Eddie Murphy, katika filamu yake ya kwanza) ili wawasake wauaji. Uhasama wao haukuwa mzaha, kwani matusi ya rangi yalitamkwa waziwazi na kicheko kiliuma.

Kufikia Rush Hour ya mwaka 1998, kidonda hicho kilikuwa kimepona, au pengine kilifunikwa tu. Lee (Jackie Chan), inspekta kutoka Hong Kong, anafika Los Angeles kumtafuta binti wa konseli aliyetekwa nyara, naye anakabidhiwa kwa Carter (Chris Tucker), askari mwenye mdomo usiopumzika, aliyetumwa kwa siri kumweka mbali na upelelezi. Carter anampazia sauti akiuliza kama anaelewa Kiingereza. Lee anamwacha aropoke, na baadaye anamweleza kwamba hakusema popote kuwa hakijui.

Kwa mtazamaji asiyefuata Kiingereza cha kasi cha Tucker, nusu ya burudani hiyo ilipotea, ingawa nusu ya Chan haikuhitaji mkalimani: katika pambano la mwisho anarusha mateke huku akidaka vyombo vya kale vya Kichina visivunjike, na hofu yake kwa vyombo hivyo inachekesha kuliko mateke yenyewe. Pengo la maneno lilizibwa na wasimulizi, yaani watu waliozungumza juu ya sauti ya filamu, kama Lufufu wa Tanzania na DJ Afro wa Kenya, ambao hawakutafsiri tu bali waliongeza utani wao, hata mropokaji wa Marekani akapata mdomo wa Kiswahili.