Sakafu Iliyonishusha Lorini

Ushuhuda wangu hauna sauti kutoka mbinguni wala ndoto ya usiku wa manane. Una karavani kuukuu, jeki mbili na plaiwudi. Vijana wa Maungu wanaoniita fundi hudhani nilizaliwa na randa mkononi. Wapi! Nilikuwa utingo. Nilifunga maturubai, nikatega mawe nyuma ya magurudumu, nikalala juu ya shehena kati ya Mombasa na Malaba, na nyumbani kwangu, hapo Maungu kando ya barabara, nilipita nikipunga mkono tu.

Treni ya reli mpya, SGR, ilipoanza kubeba makontena mwaka 2018, safari zetu zilianza kupungua. Agosti 2019 likatoka agizo kwamba mizigo yote ya Nairobi na bara ipite relini. Mombasa watu waliandamana. Sisi wa kando ya barabara hatukuwa na bango. Tulitazama tu uwanja wa kuegesha malori usiku ukibaki na nafasi, na akina mama wa chai wakizima majiko mapema. Agizo lilikuja kusitishwa, lakini tajiri wangu alikuwa ameshauza lori.

Mama mmoja kati ya hao wa chai ndiye aliyeniita. Alikuwa amenunua karavani iliyotelekezwa kwenye ranchi moja upande wa Kasigau, na kabla ya hapo ilikaa miaka mingi pwani. Alitaka kupikia maharagwe na chapati ndani yake. Mbona karavani, mama? Akanijibu kwamba kibanda chake kilishawahi kuangushwa na tingatinga kwa kuwa kilikuwa kwenye hifadhi ya barabara, na safari hii anataka mkahawa wenye magurudumu. Sijasikia hesabu ya biashara iliyonyooka kuliko hiyo.

Ilikuwa ya Sprite, zile zilizotengenezwa Newmarket, Uingereza, na kampuni ya Sam Alper, mtu aliyetaka karavani ziwe nyepesi na za bei ya mtu wa kawaida. Baadaye nikaja kusoma kwamba Alper huyohuyo ndiye aliyeanzisha Little Chef mwaka 1958, mkahawa wa wasafiri wenye viti 11 mjini Reading. Nilicheka peke yangu. Mama wa Maungu alikuwa ameunganisha mambo mawili ya yule mzungu bila kumjua.

Basi nikachukua bisibisi nikaichoma sakafu karibu na mlango. Ilizama hadi mpinini. Nilipoichomoa, ncha ilitoka na unga mweusi wenye unyevu, unanuka uyoga. Watu huuliza maji yalitoka wapi, maana Maungu ni mahali pa kununua maji kwa mitungi. Lakini jua letu hukausha mpira wa madirisha ukapasuka, na mvua chache za Novemba zikija zinapita hapohapo, zinateremka ndani ya ukuta, zinatulia chini ya mkeka wa plastiki ambako upepo haufiki. Mchwa nao walishapanda kupitia tairi zilizokaa chini bila upepo.

Mama alidhani tutapigilia plaiwudi mpya juu ya ile ya zamani, tutandike mkeka, basi. Mimi nami sikuwa na la kumwambia zaidi ya kwamba haifai. Nikaenda Voi kumtafuta mzee aliyewahi kuunda bodi za matatu.

"Mghosi, naanza kung'oa wapi?"

"Huanzi kung'oa, kijana. Unaanza kushikilia."

Alikuwa sahihi kabisa. Kuta za karavani ile ni fito nyembamba zilizovikwa bati la alumini, nazo zimesimama juu ya kingo za sakafu. Ukiitoa sakafu yote kwa mpigo, kuta zinavimba tumbo na mlango haufungiki tena. Tukaweka jeki chini ya chasisi, tukapima usawa kwa mpira wa maji, tukakaza mihimili ndani kutoka ukuta hadi ukuta, kisha tukafanya nusu moja hadi ikaisha ndipo tukagusa nyingine. Kwenye pembe zilizopinda tulikata kwanza katoni, tukaijaribu, tukaipunguza, halafu ndipo msumeno ukaingia kwenye plaiwudi.

Kununua hiyo plaiwudi kulikuwa na vita vyake. Hadiwea walinisukumia ule ubao wa kahawia unaong'aa wanaouita marini. Ule ni wa kumwagia zege; marini ya kweli, ile ya mashua, ina kipimo chake cha Uingereza, BS 1088, na hupigwa chapa. Mzee akaniagiza niombe vipande vya mabaki vya kila aina. Tukavichemsha kwenye sufuria ya mama, kutwa nzima, wateja wakiuliza ni supu ya nini. Kimoja kiliachana tabaka kwa tabaka kabla ya saa sita. Aina iliyobaki nzima ndiyo tuliyonunua.

Unene nao: niliambiwa nichukue milimita 18. Ubao wa futi nane kwa nne wa unene huo unapita kilo 30, na chasisi ya Sprite si ya lori. Tukachukua 12, tukaongeza mbavu katikati. Nyuzi za juu zilikata mbavu, kila kiungo kikakaa juu ya ubavu, na kati ya ubao na ubao tukaacha upenyo wa sarafu. Kingo tulizipaka rangi mara tatu, kwa kuwa plaiwudi hunywa maji zaidi kwa kingo kuliko kwa uso. Chini tukapaka rangi ya lami. Majirani walishauri oili chafu. Hapana. Chakula kitanuka gereji.

Siku ya kukaza skrubu za mwisho, mama aliingia na viatu vyake, akarukaruka katikati ya sakafu, mwili wake mzima, akiniangalia usoni. Haikulia hata mlio mmoja. Akaenda kuleta jiko.

Hapo ndipo niliposhuka lorini kweli, ingawa lori lilikuwa limeuzwa zamani. Nilikuwa bado nalala na simu sikioni nikingoja safari. Niliacha kungoja. Mzee wa Voi alinichukua kwenye matatu zake, nikajifunza ribiti na kuchomelea, na jioni nikawa nakula ugali na wanangu kabla haujapoa. Pesa si nyingi, na kuna miezi mikavu.

Septemba 2022, Rais Ruto alipotangaza kuirudishia Mombasa shughuli za bandari, dereva wangu wa zamani alinipigia: kuna lori, nafasi ya utingo ipo, njoo. Nikamuuliza sakafu ya trela yake ikoje. Akanyamaza kidogo, akasema ina matundu. Wiki hiyohiyo aliileta.