Uso wa Susu

Alhamisi jioni nilimkunjia mzee mmoja bango la mazishi ya mke wake, nikampa, nikasema asante. Ijumaa saa mbili asubuhi alikuwa amerudi, amesimama mlangoni mwa duka la mjomba hapa Mwala, kofia mkononi. Hakugomba. Alilitandaza tu juu ya meza. Shavu la susu lilikuwa limehamia kwenye kitambaa cha kichwa, na mdomo umegeuka alama za vidole.

"Kijana, hii ndiyo picha pekee tuko nayo," akasema. "Na tunamzika kesho."

Jibu nilikuwa nalo tayari: mashine ni ya mkono wa pili. Ni kweli, mjomba aliitoa Nairobi ikiwa imechoka, na mimi nikaitwa kuiendesha kwa sababu "nilisoma kompyuta." Nilisoma mwaka mmoja na nusu, karo ikakataa, nikatoka. Siku hizi usiku naandikia watu makala za mtandaoni, mchana nachapisha mabango. Nyumbani bado wananiita injinia. Sijawahi kuuliza kama ni utani.

Printa yetu hutumia wino wa leteksi, yaani wino wa maji wenye chembe ndogo sana za plastiki. HP waliuleta sokoni mwaka 2008, na sifa yake ni kwamba chapa hutoka ikiwa kavu, bila ile harufu kali ya kuumiza kichwa. Joto hukausha maji, chembe huyeyuka na kushikana, zikawa ngozi nyembamba inayofunika rangi. Joto lisipotosha, ngozi haishikani vizuri. Ukiangalia kwa macho iko sawa kabisa. Ukiikunja, inahama.

Na mimi nilikuwa nimeikunja bila hata kuipitisha kidole.

Kitu cha kwanza nilichofanya kilikuwa cha kijinga: nikaongeza joto. Bango likajipinda kama chapati, kichwa cha printa kikapita kikilikwaruza, sasa doa likawa linatoka nalo kutoka ndani. Hapo ndipo nikashtuka kwamba nina magonjwa mawili yenye sura moja. Doa unalolikuta tayari chapa ikitoka ni la mkwaruzo: bango limeinuka, au kuna uchafu chini ya kichwa. Doa linalokuja ukishika ni la wino ambao haujaiva. Ukitibu hili bila kuangalia, unaamsha lile.

Nikarudisha joto, nikapangusa uchafu chini ya kichwa, polepole. Kisha nikaangalia mipangilio, kitu ambacho ningefanya kwanza kama nisingekuwa na haraka ya kulaumu. Rola mpya ilikuwa ya bango jepesi la bei rahisi. Mimi bado nilikuwa natumia mpangilio wa stika. Mashine haikuwa na kosa lolote hapo. Nikachagua wa bango, nikapunguza wino, nikaongeza mara ambazo kichwa kinapita ili kila tabaka lipate muda wa kukauka. Ikatoka safi, isipokuwa kwenye nywele na kitambaa cheusi, mahali wino ni mwingi.

Sasa, mlango wa pili kuna mashine ya kusaga. Ikiwaka tu, taa zetu hufifia. Watu hudhani volti zikipungua kidogo, joto pia linapungua kidogo. Sivyo. Zikishuka kutoka 240 hadi 200, nguvu ya hita hubaki kama asilimia 70. Nikaenda kumwomba mama wa kusaga azime kwa nusu saa tu. Akaangalia foleni yake ya debe za mahindi, akaniangalia mimi.

"Hawa nao wakale bango?"

Nikangoja afunge, saa moja usiku. Mzee alikuwa amerudi, ameketi kwenye benchi, simu haiachi kulia: mambo ya hema, mambo ya sufuria. Bango likatoka. Sikuligusa. Nilimwita.

Akaweka kidole gumba kwenye kona ya mdomo wa mkewe, akakisugua hadi kona ya pili. Akakitazama kidole chini ya taa. Akarudia, safari hii kwenye kitambaa cheusi.

Nikamwambia hii ya pili halipi.

"Sikuwa nataka kulipa," akasema, akaanza kulikunja mwenyewe, picha ikiwa nje.