Besi na Mwenye Vyombo

Katika studio moja ya Katoro mkoani Geita, chumba cha magodoro ya sponji yaliyogongelewa ukutani na feni inayozimwa kila msanii anapoanza kuimba, prodyuza mmoja kijana aliwekewa wimbo wa bendi ya Mlimani Park kwenye simu. Akasikiliza kwa adabu hadi kwenye chemko, ile sehemu ya kuchezea, kisha akamgeukia mwandishi wa makala haya. "Mzee, hiki kinachotembea kwa chini ni kinanda?" Akaambiwa ni gitaa. Gitaa analijua, akasema, lina nyuzi sita na linalia juu. Hili la nyuzi nne hajawahi kulishika.

Kosa si lake peke yake. Uzi mnene kabisa wa besi, ukipigwa wazi, hutikisika mara 41 kwa sekunde, na spika ya simu haina ubavu wa kusukuma hewa namna hiyo. Kinachosikika ni sauti za juu zinazoambatana nayo, sikio linajijazia lililobaki. Kwa hiyo vijana wengi wa Geita na Shinyanga wanaijua Mlimani Park, yaani Sikinde, bila ya kumsikia sawasawa Suleiman Mwanyiro, mpiga besi ambaye wenzake walimwita Computer. Jina hilo alipewa kompyuta zikiwa bado ni habari ya magazetini. Leo ndizo zinazofanya kazi yake.

Waliokulia Shinyanga miaka ya 70 waliliona gitaa la besi kwanza kwenye majalada ya santuri. Kampuni ya Fender ilikuwa imetoa lake, Precision, tangu 1951, na kufikia 1969 Ampeg walikuwa na amplifaya ya SVT: wati 300, valvu 14 ndani yake, na kasha la spika nane za inchi kumi ambalo halinyanyuliwi na mtu mmoja. Rolling Stones walizunguka Marekani na mitambo hiyo mwaka huo huo. Dar es Salaam walikuwapo vijana wa bugi, madansi ya mchana ya wanafunzi, waliojaribu kuufuata mlio huo. Waliofika mbali zaidi ni Sunburst, waliochanganya roki, funk na Kiswahili wakauita mtindo wao Kitoto, Bashir Idi Farhan akiwa kwenye besi. Santuri yao kubwa, Ave Africa, ilitoka 1976 wakiwa wameshahamia Zambia. Bendi ya Dar kwenda kupata santuri ndefu ugenini! Hilo peke yake linatosha kueleza hali ya studio ilivyokuwa hapa nyumbani.

Shinyanga hakukuwa na bugi la kutaja. Kulikuwa na pamba. Wakulima wakishalipwa, bendi za Dar na za Tabora zilipanda kuja Kanda ya Ziwa, na mchana wa siku ya dansi lori liliegeshwa nyuma ya ukumbi. Watoto wa mtaa waliijua ratiba ya kushusha vyombo kuliko ratiba ya shule. Ngoma zilitangulia, zikafuata gitaa ndani ya makasha yaliyochubuka, na mwishoni kabisa likaja kasha la spika ya besi, la mbao nyembamba zilizopakwa rangi nyeusi, pembe zimeviringishiwa bati. Waliligombea kulibeba. Aliyebeba aliingia bure.

Jambo ambalo watoto hao hawakulijua ni kwamba mpiga besi, yule aliyesimama nyuma na miwani ya giza usiku, hakuwa na chochote pale jukwaani isipokuwa viatu. Gitaa lilikuwa la bendi, na bendi ilikuwa ya mtu au ya shirika. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Urafiki ya kiwanda cha nguo, Bima Lee ya shirika la bima, Polisi Jazz haihitaji maelezo. Hata Super Matimila ya Remmy Ongala iliitwa kwa jina la mfanyabiashara mwenye vyombo. Mwanamuziki aliyehama aliondoka na vidole vyake tu. Ndiyo maana habari za kuhama ziligeuka habari za mitambo: mwaka 1985 Hugo Kisima alipoiunda upya Orchestra Safari Sound, wanamuziki Muhidin Gurumo na Abel Balthazar walitoka Mlimani Park wakaenda kwake, na mitaani watu walijadili vyombo vipya kwa kirefu kama walivyojadili sauti za waimbaji.

Hapa mtu wa Shinyanga ana kinyongo chake, na ni haki yake. Almasi ilichimbwa Mwadui, kwenye mgodi alioufungua John Williamson mwaka 1940, mji mzima ndani ya uzio wenye hospitali yake, shule zake na uwanja wake wa ndege. Ikapelekwa Iringa kwenye kiwanda cha kuikata cha Tancut. Na kiwanda hicho ndicho kilichonunua vyombo na kuunda bendi, Tancut Almasi, iliyotamba na akina Kasaloo Kyanga na pacha wake Kyanga Songa. Vumbi libaki Shinyanga, besi ilie Iringa. Bendi ilikuwa nzuri, hilo halikataliwi. Lakini ilipopigwa redioni, wapo waliosikiliza wakipiga hesabu.

Redioni, naam. Sauti ya Dar es Salaam ilianza 1951, ikawa Radio Tanzania mwaka 1965. Tarehe zikishatajwa ziachwe, kwa kuwa kilichohusu besi ni chumba chenyewe cha kurekodia. Maneno ya wimbo yalipitiwa kwanza na wahusika, kisha bendi nzima iliingia ikapiga kwa pamoja, mara moja, mpaka mwisho. Hapakuwa na kurekodi besi leo na kuirudia kesho. Akikosea mpiga besi kwenye ubeti wa nne, tarumbeta, waimbaji na mpiga ngoma wote wanaanza upya, na macho yanamwangukia yeye. Fundi James Mhilu na wenzake walipanga maikrofoni chache kwa umbali wa kukadiria, na wakadiriaji hao walikuwa na masikio. Weka rekodi za Mlimani Park za miaka ya 80 kwenye spika ya maana: besi imekaa katikati, ina nafasi yake, inaongea na gitaa la ridhim bila kulikanyaga. Studio za leo zenye njia mia za kurekodia mara nyingi hutoa besi isiyojulikana inaanzia wapi.

Ila shule halisi ya besi kwa watu wa Shinyanga ilikuwa kibanda cha fundi wa redio nyuma ya soko.

Kibanda kilikuwa na upana wa meza moja. Fundi alikaa kwenye kreti ya soda, nyuma yake redio zimepangwa hadi darini, matumbo nje, kila moja na karatasi ya jina la mwenyewe. Harufu ilimpokea mtu kabla hajaona kitu: moshi wa lehemu, utomvu unaochemka kwenye ncha ya pasi, na vumbi linaloungua juu ya valvu, zile taa za kioo ambazo kwanza hupata moto ndipo zizungumze. Mwandishi huyu akiinusa leo kwa fundi wa simu, mara moja anarudi kwenye kreti ya pili, ile ya wageni.

Wanamuziki wa kwaya na wa vikundi vya mtaani walikuja na spika mikononi.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Leo nani kafa?"

"Spika ya besi."

"Mliifungulia mpaka mwisho tena?"

"Watu walitaka besi, fundi."

"Wakitaka besi wachange spika. Hii ilitengenezwa kwa mahubiri."

Alikuwa anasema kweli. Amplifaya nyingi za mikoani zilinunuliwa kwa ajili ya mikutano na ibada, kazi ya kupaza sauti ya mtu, na sauti ya mtu haishuki kule inakoshuka besi. Ukiilazimisha, karatasi ya spika hupigapiga hadi inachanika. Fundi aliipima kwanza kwa betri ya tochi. Aligusisha nyaya mbili kwenye ncha za betri, na kama koili ilikuwa hai, karatasi iliruka kidogo na kutoa "tap". Ikiwa hai, alikata kipande cha mfuko wa saruji, tabaka la ndani ambalo halijashika vumbi, akakipaka gundi ya mbao iliyozimuliwa kwa maji, akaziba mchaniko kwa nyuma, kisha akaiacha spika uso juu usiku kucha. Kama koili ilikuwa imekufa, aliisuka upya kwa waya aliouvua kwenye transfoma mbovu, akihesabu mizunguko kwa midomo bila kutoa sauti. Ole wake aliyemsemesha wakati huo.

Fundi huyo ndiye aliyetengeneza besi ya kwanza ambayo vijana wengi wa mtaa waliishika. Mwili ulikuwa wa mninga, mzito kiasi kwamba mkanda wa suruali uliotumika kuuning'iniza ulikata bega. Kinasa sauti kilikuwa sumaku ya spika iliyokufa, ikazungushiwa waya mwembamba maelfu ya mizunguko kwa kutumia gurudumu la cherehani. Nyuzi zilikuwa waya wa breki wa pikipiki kwa ule mnene, na nyaya zilizopungua unene kwa tatu zilizobaki. Vidole viliota sugu. Masika mawili baadaye shingo ilipinda, na kuanzia hapo besi ile ilikuwa sawa na magitaa mengine kwenye noti za chini tu. Mpigaji akajifunza kutopanda. Wako wapiga besi wa Kanda ya Ziwa wanaosifiwa kwa kupiga kwa utulivu, chini chini, bila mbwembwe. Siku moja mtu awaulize walianzia kwenye gitaa gani.

Umeme nao ulikuwa na tabia zake. Ukishuka, amplifaya ilikoroma. Ukipanda ghafla, fyuzi ilikwenda, na pasipo fyuzi kulikuwa na karatasi ya sigara, ile ya kung'aa. Wengine walikimbilia betri ya gari. Besi hula umeme kuliko chombo kingine chochote jukwaani, hivyo betri ilipoanza kuchoka besi ndiyo iliyokufa kwanza, dansi likaendelea na magitaa mawili na ngoma.

Miaka ya 90 haina mengi. Mashirika yaliyolisha bendi yalianza kujitazama yenyewe, vyombo vikachakaa, vinanda vya umeme vikaingia, na mkono wa kushoto wa mpiga kinanda ukawa besi. Studio binafsi zikafunguliwa Dar, Radio Free Africa ikarusha kutoka Mwanza, bongo fleva ikashika vijana. Mtu mmoja na kinanda alikuwa nafuu kuliko watu tisa na lori, na hakuna mwenye ukumbi aliyehitaji kuelezwa mara mbili.

Kisha dhahabu. Mgodi wa Geita ulifunguliwa mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka uliofuata, na wachimbaji wadogo wakazidi kujaa Nyarugusu, Rwamgasa na Mgusu. Duara, yaani shimo la wachimbaji, likitema dhahabu, fedha hulala baa. Baa hizo zilinunua jenereta na spika za inchi 18, na besi ikarudi kwa kishindo ambacho fundi wa nyuma ya soko asingekiamini, ila ikiwa haina mpigaji. Kuna usiku Katoro ambapo baa tatu zinazotazamana zinatikisa mabati kwa nyimbo tatu tofauti, na mtu aliyekaa katikati anasikia ngurumo moja isiyo na noti. Wenyewe wanaita hiyo besi nzito. Uzito upo, lakini besi ni noti pia: inapanda, inashuka, inasubiri.

Studio za Kahama zinarekodi waimbaji wa Kisukuma, akina Bhudagala, kwa kinanda na kompyuta, na nyimbo zao zinafika kila gulio kwenye kadi za kumbukumbu za simu. Siku hizi umeongezeka mlio wa log drum kutoka Afrika Kusini, besi ya amapiano, ambao ulizaliwa ndani ya programu ya FL Studio na haujawahi kuwa na uzi wala ngozi. Prodyuza wa Katoro anaujua vizuri sana. Anaupinda, anauteleza, anaukata kabla ya kiitikio. Ana mkono.

Gitaa lenyewe limehamia kanisani. Kwaya za kanisa la AIC, Shinyanga na Makongoro ya Mwanza miongoni mwao, zimelea wapiga besi zaidi ya bendi yoyote iliyobaki ukanda huu, na Jumapili asubuhi mjini Geita unaweza kumkuta kijana na besi ya nyuzi tano, ule wa tano ukishuka mpaka mitikisiko 31 kwa sekunde. Hana kasha la spika nyuma yake. Waya unatoka kwenye gitaa unaingia moja kwa moja kwenye mikisa, naye anajisikia kwa kisikizi cha sikio moja, sikio la pili ameliacha kwa ajili ya mwalimu wa kwaya. Seti mpya ya nyuzi inaagizwa Mwanza, ikikosekana huko inaagizwa Dar, kwa hiyo kila baada ya miezi kadhaa anazifungua, anazichemsha kwenye sufuria ya maji mpaka jasho na uchafu utoke, anazikausha, anazirudisha, na zinalia tena kwa wiki mbili tatu. Gitaa si lake. Ni la kwaya, ufunguo wa stoo anao mwenyekiti, na mwenyekiti akisafiri, mazoezi ya Jumamosi yanafanyika bila besi.