Hofu Iliyomo Ndani ya Neno "Bima"

Mwezi wa Machi 2016, Serikali ya Kenya ilipoanzisha bima ya mazao, Nakuru ilikuwa miongoni mwa kaunti za kwanza kuipata, pamoja na Bungoma na Embu. Katika mkutano mmoja upande wa Njoro, mzee mwenye ekari mbili za mahindi alimsikiliza Bwana Shamba hata mwisho, kisha akasimama.

"Bwana, nikilipa ada na mahindi yangu yakastawi, nitarudishiwa fedha zangu?"

"La, Mzee. Hazirudi."

"Basi nitakuwa nimenunua nini?"

Watu walicheka, walakini swali hilo halikuwa la mzaha. Mwenye kununua jembe hurudi nyumbani na jembe begani. Mwenye kununua bima hurudi na karatasi. Ajabu ni kwamba jibu limefichwa ndani ya neno lenyewe.

Asili yake ni Kiajemi. Waajemi husema "bim", kwa kuivuta irabu, na maana yake ni hofu. Neno hilo liliingia Bara Hindi katika zama ambazo Kiajemi kilikuwa lugha ya mabaraza ya wafalme wa huko. Wahindi, ambao biashara wanaijua, wakalifanya "bima", yaani mapatano ya kumlipa mtu ili aichukue hofu ya mali yako. Wagujerati hutamka "vimo". Kwa njia ya Wahindi likafika katika Kiswahili. Nao Waajemi wakalipokea tena kutoka huko, wakaliita "bime", kama mzazi ampokeaye mwanawe aliyerudi safarini na nguo ngeni.

Waarabu walishika njia nyingine. Wao husema "taamini", neno la ukoo mmoja na amani, amana na imani. Waturuki husema "sigorta", walilolipata kwa Waitaliani, nalo latokana na usalama. Basi wengine waliliita jambo hili kwa kile kinachotafutwa, na wengine kwa kile kinachokimbiwa. Kwa mkulima wa Bonde la Ufa, jina la hofu ndilo la kweli zaidi. Anaujua ukame, anaijua mvua ya mawe, wala hajasahau ugonjwa wa mahindi ulioonekana Bomet mwaka 2011 ukakausha mashamba mazima.

Mzee alilipa. Msimu huo mvua ya mawe iliangukia shamba lake, ikawaacha jirani zake. Hakupata kitu, kwani bima hiyo haipimi shamba la mtu mmoja. Nchi hugawanywa kwa maeneo, mavuno ya mashamba machache yaliyochaguliwa hupimwa, na wastani wa eneo ukishuka chini ya kiwango kilichowekwa, ndipo wote waliolipa hufidiwa. Njia hiyo hupunguza gharama ya ukaguzi, na udanganyifu pia. Lakini hofu aliyotaka kuitua mzee ilikuwa ya ekari zake mbili, na iliyopokewa ilikuwa ya eneo zima.

Msimu uliofuata alirudi mkutanoni. Hakudai fedha. Alitaka kujua mpaka wa eneo lao unapita wapi, ni nani aliyeuchora, na kama waweza kusogezwa, kwa sababu mvua ya mlimani, alisema, si mvua ya tambarare.