Neno Nililoliacha Gereji

Nilimwita mtu mwizi, naye hakuwa mwizi. Nilimwita hivyo gerejini kwake, mchana kweupe, mbele ya vijana wake wawili na mteja mmoja aliyekuwa ameketi kwenye benchi akisubiri gari lake. Jioni nikalibeba neno lile hadi kwenye kundi letu la WhatsApp la wanawake wa ofisini, nikawaonya wenzangu wasikanyage pale. Watatu kati yao walikuwa wateja wake. Wote wakaacha kwenda.

Kosa langu lilianza na namba moja: shilingi 410,000.

Gari langu ni Toyota IST, la kwendea kazini na kurudi, hapa Dar es Salaam. Kwa wiki mbili lilikuwa linalia breki. Ilikuwa sauti nyembamba, kama kijiko kinachokwangua ukoko wa sufuria, na ilisikika zaidi kwenye foleni, nikikanyaga taratibu. Siku hizi naijua maana yake. Pedi nyingi huwekewa kijibati kidogo kwa makusudi, ili zikilika sana kibati kile kiguse diski na kumpigia dereva kelele kabla chuma hakijaanza kula chuma. Wakati ule nilijua tu kwamba sauti inanikera.

Fundi yule ni mtu mzima, rika la wajomba zangu. Alilipandisha gari kwenye jeki, akafungua matairi yote manne, akakaa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Kisha akaniita. "Dada, hebu weka kidole hapa kwenye diski, usikie."

Sikuweka. Nilikuwa na gauni la ofisini, na nilikuwa nimeshaangalia saa mara tatu. Nikamwambia aniandikie profoma tu.

Akaniandikia kwa mkono, kwenye karatasi ya daftari: pedi za mbele 85,000, diski mbili za mbele 180,000, viatu vya breki za nyuma 55,000, mafuta ya breki 20,000, kusafisha na kupaka grisi pini za kalipa 10,000, ufundi 60,000. Chini palikuwa na mstari mwingine wa maandishi, lakini macho yangu hayakufika huko. Yaliishia kwenye jumla. Nilikuwa nimekuja kubadilisha pedi, na mtu ananiandikia zaidi ya laki nne.

Sote tumesikia habari za cha juu, kile fundi anachojiongezea kwenye bei. Tumesikia habari za mafundi wanaomwona mwanamke mwenye gari wakamwona ng'ombe wa kukamua. Nilikuwa nimezisikia hadithi hizo sana, kiasi kwamba nilifika pale na hukumu mkononi, nikawa natafuta mtu wa kumbandika. Nikakunja karatasi, nikasema, "Huu ni wizi. Mnatuibia kwa sababu mnajua hatujui magari." Vijana wake wakainamisha vichwa. Yeye hakunijibu. Aliwaambia warudishe matairi, akakataa kunitoza hata senti kwa ukaguzi. Nilifika kwa shikamoo, nikaondoka bila kumuaga.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kulinganisha bei ndiyo kazi yangu. Mimi ni afisa ugavi. Profoma zinapita mezani kwangu kila siku, na jambo la kwanza tunalofundishwa ni kwamba bei mbili hazilinganishwi mpaka uwe na hakika zinahusu kitu kimoja. Tunaandika kwanza maelezo ya mahitaji, tunaangalia nani ameyatimiza, ndipo tunapofika kwenye bei. Mtu akiniletea mezani profoma ya meza kumi na nyingine ya meza tatu, halafu aseme ya pili ni nafuu, nitamrudisha alikotoka. Kosa hilo hilo ndilo nililolifanya kwenye gari ambalo nampakia mama yangu.

Siku iliyofuata nilikwenda kwa kijana mmoja anayefanyia kazi chini ya mwarobaini kando ya barabara. Nikamwambia nataka pedi za mbele tu, za bei nafuu. Alikuwa nazo za 35,000, ufundi 25,000. Aliniuliza kama nataka aziangalie na diski. Nikamwambia aache. Nalisema hili ili nisimwachie lawama isiyo yake: yeye alifanya nilichomwagiza. Kwa shilingi 60,000 na dakika arobaini hivi, breki ziliacha kulia, na kimya kile nikakichukua kuwa ushahidi. Nikarudi kwenye kundi, nikaandika: "Mmeona? Laki tatu na nusu nzima alitaka kula."

Baada ya wiki tatu nilikwenda Lushoto kumchukua mama, aliyekuwa na miadi ya hospitali Dar. Anayeijua barabara ya kutoka Mombo kwenda Lushoto hahitaji kuelezwa. Ni kilomita zipatazo 33 za lami nyembamba inayojikunja ubavuni mwa Milima ya Usambara, na Lushoto ipo karibu mita 1,000 juu ya Mombo. Kupanda hakukunipa shida. Asubuhi tulipoteremka, mama alikaa mbele na ndoo ya mapeasi miguuni, zawadi ya wajukuu.

Niliteremka vibaya, na hilo nalo ni langu. Niliacha gia kwenye D kama niko Dar, Barabara ya Mandela, mguu ukawa juu ya breki mfululizo, kona baada ya kona, badala ya kuweka 2 au L ili injini yenyewe ilizuie gari. Tulipoipita Soni, mama akasema, "Kuna kitu kinaungua." Nikamjibu kwamba ni lori lililo mbele yetu. Lori lilikuwepo kweli, lakini harufu ilikuwa yetu.

Kona mbili mbele, pedeli ya breki ikawa laini. Nikakanyaga tena, ikazama karibu na sakafu, na gari halikushika. Nikapampu kwa nguvu, nikashusha gia hadi L, injini ikanguruma, nikavuta breki ya mkono na kulilaza gari upande wa mlima mpaka tairi la mbele likaingia mtaroni. Tukasimama. Mapeasi yalikuwa yametawanyika chini ya viti. Mama hakupiga kelele. Aliushika mkono wangu uliokuwa bado umeng'ang'ania breki ya mkono, akavibandua vidole kimoja kimoja, kisha akauweka mapajani mwake.

Wauza mboga wa pale walikuja, wakatushauri tuache breki zipoe. Tulisubiri zaidi ya saa moja, kisha tukashuka kwa mwendo wa mguu, gia kwenye L, hadi Mombo. Fundi wa pale alipochungulia chombo cha mafuta ya breki, alikuta mafuta meusi kama kahawa. Alipokuwa akiyatoa na kutia mapya, nilifungua droo ya dashibodi kutafuta karatasi za bima, nikaikuta profoma ya yule mzee, imekunjwa kama nilivyoikunja kwa hasira.

Ndipo nilipoisoma yote kwa mara ya kwanza. Mstari ule wa chini ulisema: "Viatu vya nyuma vinaweza kusubiri hadi sevisi ijayo. Mafuta ya breki ni muhimu, ni ya zamani sana."

Mwizi hakuandikii kwamba kitu fulani kinaweza kusubiri. Bila viatu vya nyuma bei ilishuka hadi 355,000, kwa kalamu yake mwenyewe, kabla sijamwomba apunguze. Na mafuta ya shilingi 20,000, ambayo mimi niliyaona ni ya kujazia karatasi, ndiyo yaliyokaribia kututoa roho.

Nimejifunza sababu yake, na ningependa kila mwenye gari aijue. Breki hufanya kazi ya kugeuza mwendo kuwa joto. Nguvu ya mguu husafirishwa na mafuta hadi kwenye magurudumu, na mafuta hayo yana tabia ya kufyonza unyevu wa hewani kidogo kidogo, mwaka hata mwaka. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishanyonya maji, kiwango hicho kinaweza kushuka hadi karibu nyuzi 140. Kwenye mteremko mrefu yanachemka na kutoa mvuke. Mafuta hayakandamiziki lakini mvuke unakandamizika, kwa hiyo mguu unaukandamiza mvuke na pedeli inazama bila gari kushika. Ndiyo maana inashauriwa kuyabadilisha kila baada ya miaka miwili hivi, hata kama chombo kimejaa. Mimi sikuwahi kuyabadilisha tangu ninunue gari.

Niliporudi Dar nilikaa siku nne bila kwenda gereji. Kila siku nilijipa sababu. Siku ya tano nilikwenda, nikamkuta amelala chini ya gari aina ya Noah. Nikasubiri kwenye benchi lile lile.

"Shikamoo."

"Marahaba, dada." Alinitambua palepale. Nikamwambia yote: Lushoto, harufu, mtaro, mama. Nikamwomba radhi. Alikuwa akijifuta mikono kwa kitambaa muda wote, na nilipomaliza alisema, "Lile gari nilikuwa nalikumbuka. Nilikuwa najiuliza kama ulibadilisha yale mafuta."

Basi. Mimi nilikuwa nikimtangaza mjini, na yeye alikuwa akiyawazia mafuta yangu ya breki.

Alilifungua gari tena. Safari hii niliweka kidole. Ukingoni mwa diski palikuwa na tuta la chuma, kali kama mdomo wa kopo lililokatwa, mahali ambapo pedi hazifiki. Ndani ya tuta, uso wa diski ulikuwa umeliwa ukabonyea, na pedi zangu mpya zilikuwa zimeshaota mifereji. Akanionyesha maandishi madogo yaliyopigwa kwenye chuma chenyewe: unene wa mwisho unaoruhusiwa. Akapima kwa kifaa chake mbele yangu. Diski ilikuwa imepita kima hicho, maana yake hata kuichonga haikuwezekana tena. Pini moja ya kalipa ilikuwa imeganda, kwa hiyo upande mmoja ulikuwa ukiburuta breki muda wote na kuongeza joto. Kila kitu alichokiandika siku ile kilikuwa mle ndani, kinaonekana kwa macho na kinagusika kwa kidole.

Alipokwisha kunionyesha, nilimuuliza swali ambalo ningepaswa kumuuliza mwanzo, kwa heshima: kwenye bei hizi cha juu chako ni kiasi gani? Hakukasirika. Akaniambia anaongeza kidogo kwenye spea kwa ajili ya nauli na muda wa kwenda kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Kariakoo, na kwamba nipo huru kununua mwenyewe. Jumamosi nikachukua orodha yake, nikaenda Gerezani, nikaulizia aina ile ile ya pedi na diski ile ile. Pedi 80,000, diski mbili 170,000, viatu 50,000, mafuta bei sawa. Tofauti yote ilikuwa shilingi 20,000. Kwa shilingi 20,000 hizo, yeye ndiye angehangaika juani na kurudisha kitu kikiwa si chenyewe.

Kwa hiyo nikiulizwa leo bei ya breki ni ya haki au si ya haki, siwezi kuitazama jumla peke yake nikajibu. Naomba profoma iliyochanganuliwa, kila kitu na bei yake, ufundi ukiwa peke yake. Nauliza pedi ni za aina gani na kama zinabadilishwa pande zote mbili, kwa kuwa upande mmoja hautoshi. Naomba nionyeshwe pedi ya zamani: ikiwa mpya huwa na milimita 10 hivi za kulika, na zikibaki 3 haina mjadala. Nikiambiwa diski imekwisha, naomba ipimwe mbele yangu. Nauliza kipi cha sasa na kipi kinaweza kusubiri. Fundi anayejibu maswali haya bila kuzungukazunguka tayari ameniambia mengi kuhusu bei yake. Anayeyakataa naye ameniambia. Kuna mafundi wanaoiba, hilo silikani. Lakini mwizi anajulikana kwa kumuuliza na kukagua, na mimi sikufanya lolote kati ya hayo mawili.

Nilimlipa bei zake, ukitoa mafuta yaliyokuwa yameshabadilishwa Mombo, na viatu vya nyuma tukaviacha visubiri, kama alivyoandika. Gari linashika. Hilo limekwisha.

Ambalo halijakwisha ni neno. Niliandika kwenye kundi lile lile kwamba nilikosea na kwamba fundi yule ni mtu wa kweli. Wawili waliandika "sawa". Wa tatu alisema ameshazoea kwingine. Vijana wake niliwaomba radhi mmoja mmoja, mbele yake.

Amebaki yule mteja wa kwenye benchi. Simjui jina, wala fundi hakumbuki alikuwa nani siku ile. Sijui kama alirudi tena pale, au alimsimulia nani. Nakumbuka tu kwamba niliposema "wizi" aliinua macho kutoka kwenye simu, akalitazama gari lake lililokuwa juu ya jeki. Kaka, kama haya yatakufikia: nilisema uongo. Mtu yule alikuwa sahihi. Mrudishie gari lako.