Maji Maangavu si Maji Safi

Nyumbani kwetu maneno "safi" na "angavu" hutumika kama mapacha. Niliyatenganisha mbele ya tangi la kioo ambamo kaka yangu hufuga samaki wa Ziwa Tanganyika. Maji yalikuwa maangavu, lakini kila tulipousugua ule utando wa kijani, ulirudi baada ya siku chache.

Kinachoulisha ni fosfati, nayo haionekani. Hutoka katika chakula kilichobaki na mavi ya samaki. Hata takataka zilizonaswa na chujio huendelea kuitoa zinapooza. Pengine huja na maji ya bomba. Kusugua humwondoa mlaji, chakula chake hubaki. Jina lake latokana na fosfori, "mbeba nuru" kwa Kigiriki, ambayo Hennig Brand aliipata katika mkojo mwaka 1669.

Sasa kaka hulisha kidogo, huosha chujio, hubadilisha robo ya maji kila juma, kisha hupima. Hatafuti sifuri: Tropheus wake kwa asili hula mwani wa mawe. Basi kioo hukisugua, mawe huyaacha na kijani chake.